Karatasi ya Karanga

Mwaka jana mdhibiti ubora wa shule aliingia darasani kwangu, hapa Korogwe, akakaa dawati la nyuma na daftari lake juu ya goti. Nilikuwa nawafundisha kidato cha pili kitenzi kimoja cha Kiingereza, keep, na ubao ulikuwa umejaa maana zake: kuweka, kutunza, kufuga, kuficha, kuzuia, kutimiza ahadi, kuendelea bila kuacha. Chini kabisa nilikuwa nimeongeza mstari mmoja: kumpa mwenzako kitu ili kisipotee. Kipindi kilipokwisha yule bwana alinisubiri mlangoni. Akaniambia kwa upole kwamba mstari ule wa mwisho haumo katika kamusi yoyote anayoijua, na mwanafunzi akiuandika kwenye mtihani atakosa alama. Akaomba niufute.

Sikuufuta. Nilimwambia wanafunzi wangu wanajua kipi ni cha mtihani na kipi ni cha mwalimu wao, na kama kuna mmoja aliyewahi kukosa alama kwa sababu ya mstari huo, basi aniletee karatasi yake niione. Akaandika kitu kwenye daftari. Aandike tu. Kitenzi hicho mimi sikujifunza kwenye kamusi yenye jalada. Nilijifunza nikiwa nimewekwa ndani, kwenye karatasi iliyolowa mafuta ya karanga, mwaka ambao nusura nisifanye mtihani wa kidato cha pili.

Kwetu ni Mkata, upande wa ndani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu. Mama alikuwa akiuza karanga za kukaanga kwa abiria wa mabasi. Baba alikuwa ameondoka zake nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo neno la mwisho nyumbani lilikuwa la mjomba, kaka yake mama, aliyekaa nyumba ya pili na mkewe. Mimi na mama tuliishi na bibi, mama yao wote wawili. Mjomba alikuwa mkulima wa mahindi na muhogo, na ujanani alikuwa amedakia timu ya kijiji miaka mingi. Watu wa rika lake mpaka leo wakimwona mbali humwita kipa.

Nilivunja ungo nikiwa kidato cha pili, wiki ya kwanza ya likizo ya Juni. Bibi akaniweka ndani kama alivyowekwa yeye, na mama, na kila mwanamke ninayemjua kwetu. Mwali hukaa chumbani, hatoki mchana, haonekani na wanaume, hafanyi mzaha, anafundwa mpaka siku ya ngoma, siku anapotolewa uwanjani amepakwa mafuta na watu wanakuja kumtazama. Siku hizi wengi huwekwa wiki tatu za likizo, shule zikifunguliwa wanarudi darasani. Na mimi niliahidiwa hivyo hivyo. Mjomba alisema kwa kinywa chake: mwanzo wa Julai, mahindi yakishavunwa, unatoka.

Sina ugomvi na kuwekwa ndani. Nasema hivyo kwa sababu nikisimulia habari hii mjini kuna watu huanza kutikisa kichwa kabla sijafika mbali, wakitaka nilie nao. Bibi ndiye aliyekuwa kungwi wangu, na mengine aliyonifunda siyaandiki hapa wala popote, niliahidi. Nilijifunza kusuka mkeka, kukaa kimya bila kununa, na kumsikiliza mtu mpaka amalize. Ugomvi wangu ni na mahindi, pamoja na mjomba.

Kwa sababu mahindi hayakuja. Masika ilikatika katikati, na shamba letu likakauka likiwa na mbelewele, bila kitu cha kuvuna. Mwali akishaingia hatoki mpaka ngoma ichezwe, na ngoma haichezwi bila kulisha watu. Kumtoa mtoto kimyakimya kwetu ni sawa na kutangaza kwamba ana kasoro. Mjomba akasogeza ngoma mpaka Agosti, labda kungepatikana nafaka ya kununua. Agosti ikafika, akasema basi tungoje vuli. Mahindi ya vuli huvunwa Februari. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa Novemba, na asiyeufanya haendi kidato cha tatu. Shule iliambiwa naumwa.

Nilimchukia mjomba. Naandika hivyo hivyo, na yeye mwenyewe anajua. Nilikuwa nikisikia sauti yake uani akicheka na watu, natamani paa limwangukie. Kila asubuhi niliwasikia wenzangu wakipita njiani kwenda shule, nazitambua sauti zao mmoja mmoja, na mimi siruhusiwi hata kukohoa kwa nguvu. Madaftari yangu yalikuwa yamefungwa kwenye kanga na kuwekwa chini ya kitanda cha mama, maana bibi alisema akili ya mwali isigawanywe. Kufika Septemba nilikuwa nimeanza kusahau mambo. Nilijaribu kukumbuka kanuni ya eneo la duara nikashindwa, nikalia kwa ajili ya duara.

Mama hakusema kitu mbele ya kaka yake. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Lakini alasiri moja aliporudi kutoka barabarani alinipitishia kifurushi cha karanga, kama alivyokuwa akifanya siku nyingine, akasimama mlangoni muda mrefu kuliko kawaida yake. Mama alinunua karatasi za kufungia kwa kilo, vitabu vilivyochanika na madaftari ya zamani. Nilikula karanga, nikakunjua karatasi kwenye mwanga ulioingia kati ya ukuta na bati. Ilikuwa ukurasa wa kamusi kubwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, na karibu ukurasa mzima ulikuwa wa neno moja.

"Mama," nikanong'ona, "hii umeipata wapi?"

"Ilikuwemo kwenye mzigo wa karatasi."

"Umechagua?"

"Nimetafuta yenye maandishi mengi. Sijui yanasema nini. Nilijua utakaa nayo muda mrefu."

Mama yangu aliishia darasa la nne. Nilikaa nayo wiki sita.

Siku ya tatu bibi aliikuta chini ya mkeka wangu. Nikaona yamenikuta. Akaigeuza juu chini, akainusa.

"Nini hii, mke mwenzangu?"

"Karatasi ya karanga, bibi."

"Naona ni karatasi ya karanga. Karanga ziko wapi?"

Bibi akakaa, akanyoosha miguu, akanirudishia. "Haya, soma. Lakini usinisomee Kizungu. Niambie inasema nini."

Nikamwambia ni neno moja tu, na kwamba hao wenye lugha yao wamelitumia mpaka limechakaa. Ukiwa na kuku, ni hilo. Ukificha siri ya mtu, ni hilo. Ukimwahidi mtu kitu ukamfanyia, hilo. Mtu akikuchelewesha njiani, hilo. Chakula kisichoharibika mpaka kesho, hilo. Ukienda bila kusimama, hilo. Hata kumwambia mtoto anyamaze, wanalitumia hilo hilo.

Bibi akacheka mpaka akajishika ubavu. "Kuku na siri neno moja? Hao watu ni wavivu au ni maskini?"

"Wana mengine, bibi. Hili wanalipenda tu."

"Na mwali? Mwali naye wanamwitaje akiwekwa ndani?"

Nikatafuta kwa kidole. "Hilo hilo."

"Wewe na kuku wangu."

"Mimi na kuku wako."

Tangu siku hiyo karatasi ikawa mchezo wetu. Akiingia na maji ya kuoga huniuliza, leo limefanya nini lile neno lako. Nilipomweleza kwamba kipa ni mtoto wa neno hilo, kwamba ni mtu wa kuzuia kisipite, alisema kwa sauti ambayo mjomba angeweza kuisikia huko aliko: "Kumbe mwanangu nilimzaa, Wazungu wakampa kazi." Nilipokuja kufika Tanga mjini miaka ya baadaye nikasikia makondakta wakiuita mzunguko wa barabara kiplefti, nilicheka peke yangu ndani ya basi, nikamkumbuka bibi, kwa sababu hilo nalo angelipenda.

Mchezo wetu ulibadilika siku moja ya Oktoba. Chumba changu kilipakana na jiko la kuni, na juu ya mafiga, darini, bibi alikuwa ametundika mahindi ya mbegu. Hakuyanunua popote. Alipewa na mama yake siku alipoolewa, na tangu hapo kila mavuno alichagua yaliyo mazuri, akayafunga maganda kwa maganda, akayaning'iniza moshini ili yasiliwe na bungua. Yalikuwa meusi kwa masizi, karibu debe moja na nusu. Katika njaa ile yote hakuna aliyethubutu kuyagusa. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza, watu wamekwisha safisha mashamba, na bibi alikuwa anangoja mvua ya kwanza ayateremshe.

"Na yale?" akaniuliza, akielekeza kidevu jikoni.

"Yale nayo ni neno hilo hilo, bibi."

"Hiyo karatasi inasema kitu kinawekwa mpaka lini?"

Nikaisoma mbele na nyuma. Nilitaka sana iseme. "Haisemi, bibi."

Akainuka, akatoka. Nilidhani amechoka.

Jioni ile nilimsikia akimwita mjomba uani. Akamuuliza mtihani wa mtoto ni lini. Mjomba akasema mwezi ujao, lakini nitarudia mwakani, kwani mwaka mmoja ni kitu gani. Bibi akasema mwaka mmoja kwa msichana ni mwingi, hilo analijua yeye na mjomba analijua.

"Mama, mimi sikatai," mjomba akasema. "Nimtoe, niwape watu nini? Mawe? Watatucheka mpaka Handeni mjini. Nipe nafaka leo, kesho naitisha ngoma."

"Umesema."

"Nimesema."

Asubuhi niliamshwa na sauti ya mahindi yakipukuchuliwa. Ni sauti ambayo mtu wa kwetu haikosei, punje zikidondoka kwenye ungo. Nikachungulia penye ufa wa mlango. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, masizi yamemfika viwiko, na darini hakuna kitu. Mama alikuwa ameketi mkabala naye, naye akipukuchua, machozi yanamtoka na mikono haisimami.

Mjomba alikuja kuchukua jembe. Nilimwona akisimama.

"Mama! Hiyo ni mbegu!"

"Najua ni mbegu. Nimeitundika mimi."

"Mvua iko hapo juu. Utapanda nini?"

"Jana uliomba nafaka. Hii hapa. Ngoma ni Jumamosi."

"Mama, hii ni ya bibi yetu. Ikiliwa imekwisha. Huyu ni mtihani tu, mama, mtihani!"

Bibi akachukua hindi lingine. "Mimi niliwekwa ndani mwaka mzima na miezi minne," akasema, wala hakupandisha sauti. "Kila siku niliambiwa bado kidogo. Nilipotoka, wenzangu niliowaacha wakichunga mbuzi walikuwa wanajua kusoma. Hakuna aliyeniambia karatasi inasema nini mpaka mwaka huu. Kaite watu."

Mjomba alibaki amesimama, mikono wazi, kama kipa aliyekwisha fungwa na hajui amlaumu nani. Halafu akaenda kuita watu.

Jumamosi nikatolewa. Sitaeleza ngoma, ilikuwa ngoma kama nyingine, na jua lilinichoma macho. Ninachotaka kueleza ni ugali. Mahindi yaliyokaa moshini mwaka mzima, hata ukiyakoboa na kuyaosha mara tatu, unga wake unanuka moshi. Watu walikaa kwenye mikeka, wakanawa, wakamega tonge la kwanza, na kelele zikakatika uwanja mzima. Kila mtu mzima pale alijua anakula nini. Alijua mwanamke huyu hana cha kupanda. Walikula mpaka masufuria yakabaki na ukoko, na hata ukoko wakaula, maana kuacha kungekuwa tusi. Na mimi nilikula, na kila tonge nilitaka kulitema, na nikalimeza.

Jumatatu nilikwenda shule nimenyolewa kipara, ngozi bado inang'aa mafuta. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama nimepona. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu. Sikuwa mgonjwa." Akanitazama, akanionyesha darasa. Nilikuwa na wiki tatu za kusoma masomo ya miezi minne. Sikulala sana. Mtihani ukaja nikaufanya, na lile neno, nililolijua kuliko mtoto yeyote wa Wilaya ya Handeni, halikutoka hata mara moja. Nilifaulu hivyo hivyo.

Lakini kabla ya matokeo kulikuwa na mvua. Ilinyesha juma lile lile la mtihani, mvua nzuri, na kila mtu akaenda shambani isipokuwa bibi. Shamba lake lilikuwa limelimwa vizuri, jekundu, tupu. Nilirudi kutoka shule nikamkuta amekaa barazani analitazama, na hapo nilijisikia mwizi. Nikamwambia. Nikamwambia bibi, mimi nimekula mbegu yako.

"Nani kakuambia imekwisha?" akasema, karibu kwa hasira.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke wa nyumba ya kisimani. Alisalimia, akaulizia mtihani wangu, akaulizia miguu ya bibi, na alipokuwa anaaga akatoa mahindi mawili chini ya kanga, meusi kwa moshi. "Hii ilitoka kwako, mama, mwaka ninaolewa." Alasiri akaja mwingine na matatu. Kesho yake wanne. Kumbe miaka yote ile kila msichana wa jirani aliyeolewa, bibi alimpa mahindi kumi ya mbegu, akamwambia ayatundike. Sikulijua jambo hilo, au nililijua kama mtoto anavyojua mambo ya wakubwa, bila kulitazama. Siku ya tano kondakta wa basi akamwachia mama furushi pale barabarani, limetoka Kerenge kwa mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa huko. Mama mdogo alikuwa amekuja kwenye ngoma, ameula ule ugali, na ameondoka bila kuaga. Ndani mlikuwa na debe zima.

Tulipanda mvua ya pili, tumechelewa siku tisa. Mama, bibi, mimi, na mjomba, ambaye alikuja na jembe lake alfajiri bila kuitwa, akachimba mashimo mstari baada ya mstari mpaka adhuhuri. Bibi alikuwa akitia punje na kufukia kwa unyayo. Tulipofika katikati ya shamba nikamuuliza kama alikuwa na uhakika kwamba wangeleta. Akasema hakuwa na uhakika wa kitu. "Lakini nilikuwa nimeyaweka kwao," akasema, "si juu ya moto wangu tu."

Jioni nilichukua ile karatasi na penseli, nikaandika pembezoni, palipobaki nafasi. Ndio mstari ule aliotaka niufute mdhibiti wangu. Karatasi ninayo mpaka leo, nimeipigia nailoni.

Bibi ametangulia, Mungu amrehemu. Mimi naishi Korogwe katika nyumba ya kupanga, nina jiko la gesi, na majirani hunicheka kwa sababu kila Jumapili nawasha kuni kwenye kibanda cha uani na kupika maharage ambayo yangeiva kwa gesi kwa raha zangu. Juu ya moto huo nimetundika mahindi ya mbegu ya bibi. Wacha wacheke.

Juni hii mjomba alinijia. Amezeeka, anatembea akishika kiuno. Nikampa shikamoo, nikampa chai, akakaa muda mrefu akizungumzia mabasi. Kisha akasema mbegu aliyokuwa akinunua dukani haizai vizuri akiirudisha shambani, na ile ya mama yake aliiacha ikaisha. Anaomba kidogo kwa ajili ya vuli. Nilijua kuna jambo jingine, maana mama alikuwa amekwisha nipigia simu: mjukuu wake wa kike, wa kidato cha kwanza, amewekwa ndani, na masika ya mwaka huu nayo haikuwa nzuri.

Nikaenda kibandani nikayateremsha. Nikayaweka mezani mbele yake, yote, nikashika kamba iliyoyafunga.

"Mjomba, mtoto anatoka lini?"

Akayatazama mahindi. Naye hakuhitaji kuelezwa. "Shule zinafunguliwa Jumatatu ya pili ya mwezi ujao," akasema. "Atatoka Jumamosi ya kabla yake."

"Nafaka ipo?"

"Nitauza mbuzi."

"Nitakuja kula," nikamwambia. "Na hiyo Jumamosi ikisogezwa, nitakuja vile vile, na nitarudi naye huku."

"Najua utakuja," akasema mjomba.

Nikaachia kamba. Jumamosi hiyo nilifika Mkata mapema, na nauli ya watu wawili mfukoni. Mtoto alitolewa saa tano, anang'aa, amekunja uso kwa jua. Tukaketi kwenye mikeka, tukanawa. Nilimega tonge la kwanza nikalinusa kabla ya kulitia mdomoni, na mjomba, upande wa pili wa uwanja, alikuwa ananitazama mimi tu. Halikunuka moshi.